Soksi ya Bi Chausiku na Kinu cha Wakwe

Mjinga wa siku ile alikuwa Semkiwa, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Si kwamba washindani hawakuwepo. Uwanja wa Bi Chausiku ulijaa watu asubuhi ile, na mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa amekuja na koti la sufi katika joto la Muheza. Lakini wali wa kwanza wa harusi, uliopaswa kuliwa adhuhuri, uliliwa alasiri, wageni wakiwa wameshakunywa maji mpaka matumbo yanacheza kama madebe. Na aliyeuchelewesha ni mtu mmoja tu, tena ndiye pekee pale uwanjani aliyesomea uhandisi.

Kisa chenyewe kilianza siku chache nyuma, na kilianza kwa kuvunjika chupa ya chai.

Semkiwa alikuwa amekaa kibarazani kwa Bi Chausiku, chupa hiyo miguuni pake, akijipongeza kimoyomoyo. Mbele yake Bi Chausiku alisimama na mchi kando ya kinu, na mikono yake yote miwili, kuanzia mabegani mpaka kwenye ncha za vidole, ilikuwa ndani ya kitambaa chembamba cha kijivu. Kwenye makaratasi kitambaa hicho kiliitwa Kitulizi. Muheza nzima ilikiita soksi.

Nusu ya watu wa rika la Bi Chausiku walivaa soksi. Mtikiso uliwapitia wangali vijana, homa ya wiki moja tu, ukaondoka na kuwaachia mikono isiyojua kutulia. Chai ilimwagika kabla ya kufika mdomoni. Sindano iligombana na uzi. Wapo walioacha hata kupeana mikono na watu, kwa haya. Soksi ikaja ikawarudishia mikono yao: ilisikiliza misuli ya bega, ikatupa kutetemeka, ikabakiza nia, kisha nyuzi zake, zenye nguvu kuliko msuli wa mtu, zikaubeba mkono kwenda kule mwenyewe alikotaka. Tangu Semkiwa amtengenezee zake, Bi Chausiku alikuwa ameshasuka mkeka mzima, ameshakuna nazi zisizo na idadi, na ameshamzaba kofi mwizi wa machungwa. Kofi lilichelewa kidogo, lakini lilifika.

Kule kuchelewa kidogo ndiko Semkiwa alikotakiwa kukutupia jicho. Hakukutupia.

"Wifi, twende," alisema Tabu, dada wa marehemu mume wa Bi Chausiku, mchi mkononi na kanga kiunoni. "Hao watu wa Handeni wasije wakatucheka. Nasikia huyo mkweo, Bi Sikudhani, anatwanga kama ana ugomvi na mpunga."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Eti kinu kikimwona kinajikunja."

Mashine ya kukoboa ilikuwa ng'ambo ya barabara, inakula jua la paa lake na kumaliza gunia zima wakati wewe unatafuta kiatu cha pili. Lakini mpunga wa sahani ya kwanza ya harusi hautiwi mashineni. Hutwangwa na mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, kinu kimoja, michi miwili, mmoja akipanda mwenzake anashuka, mbele ya koo zote mbili. Wao hukiita kinu cha wakwe. Na wapo waliorudi makwao bila harusi kwa sababu ya mambo yaliyotokea hapo kinuni, maana watu wa pale husema mdomo unaweza kuficha chuki, mchi hauwezi.

Wakaanza. Tabu alipiga, Bi Chausiku akapiga. Taratibu, kwa nafasi, kama watu wanaosalimiana njiani. Tabu akaanza kuimba, na wimbo wa kinuni haukai mwendo mmoja. Unaanza kwa kujivuta, ukishapata moto unakimbia. Michi ikaufuata wimbo.

Kaa!

Michi ilikutana katikati ya kinu. Wa Tabu ulimchomoka, ukaruka, ukatua juu ya chupa ya chai ya Semkiwa, chai ikamwagika kibarazani.

"Ala!" Tabu alipuliza viganja vyake. "Wifi, unanipisha au unanipiga?"

"Nakupisha!"

"Unanipisha wapi, na tumegongana vichwa kama mbuzi wa jirani?"

Semkiwa alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akaokota vipande vya chupa, akasema neno ambalo baadaye alitamani kulimeza: "Mama zangu, hayo ni mazoezi tu. Mmekaa muda mrefu bila kutwanga. Rudieni."

Wakarudia. Mwendo wa pole ukaenda vizuri. Wimbo ukapanda, kaa! Wakarudia tena. Kaa! Safari ya nne Semkiwa hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama, sikio kwenye kinu, maana alikuwa ameshasikia kitu kibaya. Bi Chausiku hakuwa anapiga ovyo. Alikuwa anapiga sawasawa kabisa, kwa utulivu mkubwa, wakati ule ule hasa wa Tabu.

"Mwanangu," Bi Chausiku alisema, akikaa juu ya kigoda na kuitazama mikono yake ya kijivu. Yeye na marehemu mama yake Semkiwa walikuwa mashoga, na hakuwahi kumwita kwa jina. "Niambie kweli. Ni mimi?"

"Si wewe, mama. Ni soksi."

"Basi litoe hilo kosa lake. Binti yangu ni Subira tu, sina mwingine wa kuozesha. Nikimgonga mkwe mbele za watu, hawatasema soksi. Watasema Chausiku hamtaki kijana wao."

"Nitalitoa."

Mtu mwenye akili angesema nitajaribu.

"Na lile jambo lenyewe, wifi?" Tabu aliuliza, akiokota mchi wake. "Hatulipitii hata mara moja?"

"Lile halifanyiwi mazoezi," Bi Chausiku alimkata. "Unalijua hilo."

Semkiwa aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Akadhani ni mambo ya kike, akaenda zake.

*

Karakana yake ilikuwa ghala la zamani la machungwa, na bado ilinukia maganda kila mvua ikinyesha. Siku mbili alishinda humo na soksi za Bi Chausiku mezani, zimejazwa mkono wa mpira unaotetemeka kwa mota, huku akiupigisha kinu cha kuchezea. Siku ya pili Bi Chausiku mwenyewe akaja kutazama, kikapu cha machungwa kikiwa kimening'inia kiwikoni. Mikono yake, bila soksi, iliruka mapajani kama ndege wawili waliofungwa kamba.

"Nieleze," alisema. "Usinieleze kama unavyowaeleza wale wa hospitali. Nieleze mimi."

Semkiwa alifikiri. "Mama, umekaa barazani. Mtu anakuja barabarani. Utajuaje kama anakuja kwako au anapita tu?"

"Nangoja nione kama atakata kona."

"Basi soksi ndiyo kazi yake hiyo. Mkono wako unatuma habari mbili pamoja. Kutetemeka, ambako kunakwenda huku na huko upesi upesi, na nia yako, ambayo inakwenda polepole na haigeuki kila saa. Soksi haiwezi kuzitenganisha papo hapo. Mpaka ingoje kidogo ione: hili linarudi nyuma sasa hivi, au linaendelea? Likirudi, ni kutetemeka, inalitupa. Likiendelea, ni wewe, inalifuata."

"Na kule kungoja ndiko kuchelewa."

"Ndiko. Theluthi ya sekunde."

"Hiyo nayo ni ya kumvunjia mtu chupa?"

"Ukinywa chai, si kitu. Ukitwanga polepole, si kitu vilevile, maana pigo lako ni refu, na theluthi ya sekunde ni kipande kidogo tu cha safari ya mchi. Lakini wimbo ukikimbia, pigo linafupika, mama. Kungoja hakufupiki. Kunabaki kule kule." Alichukua machungwa mawili, akayapandisha na kuyashusha kwa zamu. "Huyu wewe, huyu Tabu. Mnapishana nusu kwa nusu. Sasa mkifika mwendo ambao theluthi ya sekunde ndiyo nusu ya pigo..." Akalichelewesha moja. Machungwa yote mawili yakashuka pamoja. "Hukukosea hata kidogo. Ulimpisha. Soksi ikakurudisha njiani kwake."

Mafundi wanalo neno la jambo hilo, awamu: mkono uko wapi katika mzunguko wake, juu au chini, unakwenda au unarudi. Kichujio chochote kinachosafisha kinagusa awamu. Hakuna kinachoisafisha habari ya sasa kwa kutumia ya sasa peke yake. Kinapaswa kukumbuka ya nyuma, na anayetazama nyuma anachelewa. Semkiwa aliipunguza ile subira ya soksi, na mkono wa mpira ukawahi, lakini ukaanza kutetemeka, mpunga ukaruka nje ya kinu. Akaukaza uchujaji ili mtetemo ukatike kwa ukali zaidi, na mkono ukatulia kama wa sanamu, ukachelewa maradufu, tena kila uliposimama ulibembea mara kadhaa kama mlango uliosukumwa. Akarudi katikati. Akarudi tena. Ile ni hesabu isiyosikia kilio cha mtu: utulivu mwingi, kuchelewa kwingi. Ukitaka kuwahi, pokea mtetemo.

Jibu la heshima lilikuwepo, nalo lilikuwa rahisi. Kuwaambia watu waimbe polepole. Lakini hilo lingemtaka asimame mbele ya Muheza nzima aseme kwamba soksi yake ina mwisho wake, na Semkiwa, aliyekuwa amefukuzwa kiwandani mjini kwa kusema maneno kama hayo hayo kuhusu mashine za wakubwa, alikuwa amejifunza somo. Somo lenyewe alijifunza kinyume, lakini alilijifunza vizuri.

Kwa hiyo ilibaki njia ya tatu. Kukisia.

Soksi inayokisia haingoji. Inatazama mapigo yaliyopita, inajua linalofuata, inaanza kabla mwenyewe hajaanza. Kule kuwahi kunakula kule kuchelewa, na mkono unafika wakati wake hasa. Mafundi wote waliijua njia hiyo, na wote walilikubali sharti lake: soksi ikikisia, mwenye mkono aambiwe, na akubali kwa kinywa chake. Sharti hilo lilikuja baada ya bwana mmoja aliyekuwa akila kwa wakwe zake. Soksi yake ilinyoosha sahani kuomba nyama mara ya tatu kabla yeye mwenyewe hajaamua kuomba, na ndoa ilikaribia kuvunjika.

"Mama," alisema, akijaribu kina cha maji, "je, mkono ukikutangulia kidogo? Ukajua utakalo kabla hujataka?"

Bi Chausiku alicheka. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo. Ananijibu kabla sijauliza. Miaka yote ile, mara moja tu alipatia."

"Lakini kama mkono ungepatia kila mara?"

"Mkono ukinitangulia, mwanangu, mimi naufuata kwenda wapi?"

Akalimenya chungwa. Ilimchukua muda mrefu, maganda yakaanguka vipande vidogo vidogo kila upande, na maji ya chungwa yakamchuruzika mpaka viwikoni. Hakuomba msaada. Semkiwa alitazama pembeni, kama watu walivyozoea kutazama pembeni. Alimkumbuka mama yake, aliyeondoka duniani kabla ya soksi kuwepo, akinywa uji kwa mrija.

Akaamua. Jioni ya siku hiyo akaifundisha soksi kukisia, akaipigisha kinu cha kuchezea mamia ya mapigo. Kila pigo lilifika wakati wake. Asubuhi akazipeleka.

Bi Chausiku na Tabu wakatwanga. Wimbo ukapanda, ukakimbia, ukashika moto, na michi ikapishana kama vidole vya msusi. Tabu alichoka wa kwanza. Bi Chausiku akauweka mchi chini, akaja kibarazani, akamshika Semkiwa kichwa kwa mikono miwili iliyotulia, akambusu kwenye paji la uso.

"Umefanyaje?"

"Nimelitoa lile kosa," Semkiwa alisema.

*

Watu wa Handeni walikuja mapema, wengi, na kwa kelele. Bi Sikudhani alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye sauti nzito inayosikika bila kupandishwa. Alishikana mkono na Bi Chausiku, akaugeuza mkono ule wa kijivu, akautazama.

"Ndiyo soksi hizi? Kwetu bado. Zinabana?"

"Zinawasha kwenye kwapa."

"Basi ni kama ndoa." Wote wawili wakacheka, na uwanja mzima ukapumua.

Kwa kawaida wanaume wa Muheza huwa nyuma ya nyumba wakati huo, kwenye masufuria, wanaonja nyama kwa kisingizio cha kutazama moto. Semkiwa alikuwa amehudhuria harusi nyingi maishani, na kinu cha wakwe alikuwa amekisikia tu: mapigo, wimbo, halafu kimya kifupi, halafu vigelegele. Hakuwahi kujiuliza kile kimya ni cha nini. Safari hii alisimama mbele, maana alitaka kuitazama kazi yake.

Na ilikuwa kazi ya kutazamwa. Wakwe walianza kwa kujivuta. Bi Sikudhani alikuwa na pigo zito la kutoka kiunoni, Bi Chausiku akalijibu kwa lake. Wanawake wa Handeni wakapokea wimbo, wa Muheza wakaupandisha. Subira alichungulia dirishani na mikono yake yenye hina, akakatazwa, akachungulia tena. Mwendo ukawa wa kukimbia. Jasho likamtiririka Bi Chausiku, macho yanawaka. Semkiwa hakuwa amewahi kumwona mzuri namna ile.

Ndipo Bi Sikudhani alipouzuia mchi wake juu, akainama bila kusema neno, akautia mkono wake ndani ya kinu.

Lile ndilo jambo lenyewe. Mmoja wa wakwe, wakati wowote apendao, bila kutoa ishara, hutia mkono kinuni na kuchota mpunga kuutazama, na mwenzake huusimamisha mchi hewani juu ya mkono ule. Ni hapo tu ambapo koo mbili huaminiana. Halifanyiwi mazoezi, kwa kuwa likishafanyiwa mazoezi, kuaminiana kunatoka humo.

Bi Chausiku aliuona mkono. Semkiwa aliona kwamba ameuona: mabega yalirudi nyuma, shingo ikakaza, mwili wote ukasema simama. Mikono haikusimama. Ilikuwa imeshapiga mapigo mengi, ikajua linalofuata, ikaanza kulileta kwa utulivu, bila kutetemeka hata chembe.

"Toa!" Bi Chausiku alipiga ukelele, na kwa kuwa miguu yake haikuwa na soksi, akakipiga kinu teke.

Kinu kilianguka. Mchi ulikwaruza ukingo wake, ukakipata kidole kimoja cha Bi Sikudhani, ukajikita ardhini. Mpunga ulimwagika uwanjani kote, na kuku wa Tabu, ambao hawana adabu, wakaja mbio.

Hakuna aliyewafukuza. Kimya kile hakikuwa kifupi.

"Mchi umesema," alisema mjomba wa koti la sufi.

Wanawake wa Handeni walianza kusimama mmoja mmoja. Mtu alichana upande wa kanga, akakifunga kidole cha Bi Sikudhani. Ukucha ulikuwa umepasuka. Bi Chausiku hakuwa anamtazama mtu yeyote. Alikuwa ameinyoosha mikono yake mbele, mbali na mwili, kama mtu aliyeshikishwa kitu asichokijua, na midomo ndiyo iliyokuwa ikitetemeka sasa.

"Sikutaka," alisema. "Mkwe, Mungu ananiona, mimi sikutaka."

Semkiwa angeweza kukaa kimya. Mtikiso ungebeba lawama, au soksi ingesemwa imeharibika, na asingepatikana wa kujua. Alisimama na wazo hilo muda wa kumeza mate. Kisha akapita katikati ya kuku, akasimama kando ya kinu kilicholala.

"Si mkono wake," alisema. "Ni soksi. Na soksi nimeifundisha mimi."

Bi Chausiku aligeuka. "Umeifundisha nini?"

"Kukisia, mama. Ilikuwa inachelewa. Nikaifundisha ianze kabla yako. Ikiona umepiga hivi na hivi, inajua utapiga tena."

"Na nisipotaka kupiga tena?"

"Kusita kwa ghafla..." Semkiwa alipangusa jasho. "Mtu akishtuka, ule mshtuko unakuja upesi. Kwa soksi ni sawa na kutetemeka. Inautupa."

Bi Chausiku aliishusha mikono yake. "Nilisema simama," alisema polepole. "Nilisema kwa mwili wangu mzima. Kumbe nilikuwa ndiyo takataka inayochujwa."

"Mama, nilitaka upendeze mbele ya watu. Nilitaka..."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ee," alisema Bi Chausiku. "Ndiyo maana hukuniambia."

Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma zaidi. Semkiwa aliitoa simu yake mfukoni, akainua macho. Bi Sikudhani alikuwa amekaa juu ya kigoda, kidole juu, anasikiliza wote kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Naweza kuizima sasa hivi hiyo ya kukisia," Semkiwa alisema. "Soksi itarudi kama zamani. Itachelewa, lakini itamsikiliza mwenyewe peke yake. Mkitwanga polepole, na watu waimbe polepole, hakuna kitakachogongana. Akitaka kusimama, nafasi ya kusimama ipo."

"Polepole kiasi gani?" aliuliza mjomba wa koti.

"Kama tulivyoanza. Polepole kuliko hivyo kidogo."

"Mpunga huu wote? Tutakula kesho! Watu wametoka Handeni alfajiri." Mjomba alifungua kifungo kimoja cha koti, cha kwanza tangu afike. "Wewe si fundi? Si umeshajua kosa liko wapi? Lirekebishe, iwahi kama ilivyokuwa inawahi, tumalize. Mchi ule ulikuwa unapendeza, mtu asiseme uongo."

Watu kadhaa walinung'unika kumuunga mkono, na hawakuwa wa Handeni peke yao. Njaa haina ukoo. Hata Tabu alikuna kichwa. "Kwa kweli ulikuwa unapendeza, wifi."

Na hapa ndipo ujinga wa Semkiwa ulipoiva. Mtu ameshakiri, ameshasamehewa nusu, njia iko mbele yake nyeupe. Lakini mtu huyo huyo amesifiwa kazi yake. Akili ikaanza kumpigia hesabu bila kuombwa. Angeweza kuifundisha soksi ipime ndani ya kinu kuna nini. Angeweza kuiambia kamera ya simu itazame mkono ukiingia. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kubonyeza.

"Inawezekana," alisema. "Ndiyo, inawezekana. Nipeni dakika chache. Ikiona mkono wa mtu kinuni, isikisie, isimame. Imekosea mara moja tu katika mapigo mengi vile, na kosa lenyewe nimeshalijua."

"Mwanangu," alisema Bi Chausiku.

"Mama, ukitwanga polepole watasema unaumwa. Hivi utatwanga kama ulivyokuwa msichana. Sasa ninakuambia kila kitu, sikufichi. Wewe useme tu ndiyo."

Bi Chausiku aliitazama mikono yake ya kijivu, na Semkiwa aliona jinsi anavyoitamani. Si soksi, bali zile dakika alizokuwa ndani ya wimbo, mbele ya watu wote, hapungukiwi na kitu. Kisha akakitazama kidole kilichofungwa kanga.

"Si mimi wa kusema," alisema. "Mkono ule si wangu. Muulize mwenyewe."

Watu wote wakamgeukia Bi Sikudhani. Akasimama, bila haraka. Akakiinua kinu kwa mkono wake mzima, akakisimamisha, akakitikisa kuona kama kimekaa vizuri. Akachota mpunga kwenye ungo, akaumwaga ndani, akawafukuza kuku kwa mguu. Akaung'oa mchi wa Bi Chausiku ardhini, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga, akampa mwenyewe.

"Fundi," alisema. "Unasema haitakosea tena."

"Haitakosea, mama."

"Una hakika."

"Nina hakika. Karibu kila..." Alijikohoza. "Nina hakika."

"Vizuri," alisema Bi Sikudhani, akarudi hatua moja nyuma kumpisha. "Basi safari hii, mwanangu, tia mkono wako wewe."